Siku Tuliyobebwa

*DARSA LA RAMADHANI: SIKU YA 12*



Ndugu zangu wa jamaa ya msikiti wetu hapa Shinyanga mjini, na nyie mliotawanyika kwenye machimbo, Kahama, Kakola, Katoro, Nyarugusu hadi Geita, mnaotufuata kwa simu: nawatakia funga njema. Allah atutakabalie tulichofanya na atusamehe tulichopunguza.

Darsa la leo ni la mpira. Najua kuna watakaosema, "Ustadh naye kaanza." Vumilieni kidogo. Swali lililonifanya niandike haya aliniuliza mzee mmoja wa jamaa yetu, na aliponiuliza sikuweza kumjibu palepale. Nilimwambia, "Mzee wangu, nipe usiku mmoja." Haya ndiyo majibu yake, na ameniruhusu niyaweke hapa mradi nisimtaje jina.

*Ilivyoanza*

Juzi baada ya Alasiri tulikaa barazani tukisubiri jua lizame. Vijana wa bodaboda, mafundi, wafanyabiashara wa nafaka, na wawili watatu waliorudi mjini kutoka kwenye maduara yao. Midomo imekauka, lakini ubishi wa Simba na Yanga haujui saumu. Mada ilikuwa ile ile ya siku zote: refa. Nani kabebwa, nani kaonewa.

Kijana mmoja wa Yanga akaanza na kile kidonda chao. Wengi mnakumbuka. Ilikuwa Ijumaa ya tarehe 5 Aprili 2024, kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 1445. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Yanga wako Pretoria kwa Mamelodi Sundowns. Mechi ya kwanza Dar es Salaam iliisha 0-0. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki akapiga shuti, mpira ukagonga mwamba wa juu, ukadunda chini na kurudi uwanjani. Ukitazama marudio kwenye runinga unaona kama umevuka mstari. VAR ilikuwepo, refa hakutoa goli. Ikaisha 0-0 tena, wakaenda kwenye penalti, Sundowns wakashinda 3-2.

Yule kijana alisimulia mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. "Tulidhulumiwa mchana kweupe!" Mwenzake wa Simba akacheka: "Usiku ule, siyo mchana." Naye akasahau kwamba usiku huo huo Simba walikuwa Cairo wakifungwa 2-0 na Al Ahly, wakatolewa pia. Kelele zikaanza, makolo huku, utopolo kule. Mnawajua.

Nikawaachia kwanza. Kisha nikauliza: "Jamani, goli la Pretoria kila mtu analikumbuka, hata sekunde yake. Sasa nani hapa anikumbushe goli au penalti ambayo timu *yake* ilipewa, na haikustahili?"

Barazani pakawa kimya. Nilisikia muuza kashata akipita barabarani.

Mmoja akasema, "Ah, Ustadh, hizo zipo, ila refa naye binadamu." Angalieni neno hilo. Dakika mbili nyuma, refa aliyewanyima alikuwa mwizi, kala mlungula, katumwa. Refa aliyewapa ni binadamu, kakosea tu, Allah amsamehe. Ni kazi ile ile na firimbi ile ile, na huenda ni mtu yule yule.

Hapo ndipo mzee wetu akakohoa. Akasema, "Mimi nakumbuka."

*Kisa cha mbuzi*

Alisema hivi. Miaka zaidi ya ishirini iliyopita, akiwa kijana, mtaa wao ulicheza mechi ya mchangani na mtaa jirani. Kombe halikuwepo. Zawadi ilikuwa mbuzi, amefungwa kwenye mti nyuma ya goli, na kila mchezaji anamwona. Refa alitoka mbali kidogo ili asipendelee, lakini washika vibendera hawakupatikana, ikabidi kila mtaa utoe mmoja. Mtaa wake ukamtoa yeye.

Dakika za mwisho wakiwa sare, mchezaji wao alipiga mpira wa chini, kipa akaudaka palepale mstarini. Yeye alikuwa kwenye kona ya uwanja, karibu kuliko mtu yeyote. Aliona wazi kabisa kwamba mpira haukuvuka. Refa alikuwa nyuma, vumbi limetanda, akamgeukia yeye.

"Nikanyanyua kibendera," alisema mzee. "Nikaonyesha kati. Goli."

Wale wenzao walilalamika, wakakaribia kupigana, mwisho wakatulia maana refa ameshaamua. Mbuzi akachinjwa usiku ule ule. Walikula, wakaimba, yeye akabebwa mabegani kama shujaa. Kapteni wa timu ya pili alikuja kuwapa mkono, akaondoka na vijana wake bila neno.

Mzee akanigeukia. "Sasa Ustadh, nataka kujua. Refa ndiye aliyeamua, mimi sikupuliza firimbi. Na refa akishaamua, mpira umeisha. Je, yule mbuzi alikuwa halali yetu? Au ninalo deni?"

Hakuna aliyecheka.

*Jibu la kwanza: hukumu haigeuzi kitu*

Mzee wangu, swali lako limejibiwa na Mtume mwenyewe, rehema na amani za Allah ziwe juu yake. Bukhari na Muslim wameipokea hadithi hiyo kwa mama wa waumini Ummu Salama, radhi za Allah ziwe juu yake. Maana yake kwa ufupi ni hii: Mtume aliwaeleza watu kwamba yeye ni mwanadamu, na wanapomletea kesi huenda mmoja akawa hodari wa kujieleza kuliko mwenzake, naye akahukumu kwa kile alichokisikia. Basi yeyote aliyehukumiwa apewe kitu ambacho kwa kweli ni haki ya ndugu yake, asikichukue, kwani anachokatiwa hapo ni kipande cha moto.

Tuitafakari hadithi hii taratibu. Anayehukumu hapo ni Mtume wa Allah. Hakuna refa, hakimu wala mwenyekiti wa kijiji atakayemfikia kwa uadilifu. Pamoja na hayo anasema: hukumu yangu inafuata yanayoonekana, haigeuzi ukweli uliofichika. Ikiwa hukumu ya Mtume haihalalishi mali ya mtu kwa anayejua kwamba siyo yake, firimbi ya refa wa mchangani itaihalalisha vipi?

Kwa hiyo hapa kuna mambo mawili, tusiyachanganye.

La kwanza, hukumu ya nje inasimama. Refa akiamua, mchezo unaendelea. Bila hivyo kila mechi ingeishia kwenye mawe na kila kesi ingeishia kwenye panga. Ndiyo maana wale vijana wa mtaa wa pili walifanya vyema kutulia.

La pili, ukweli wa ndani unabaki palepale ulipo. Refa hakujua, hana lawama, alijitahidi. Aliyejua ni wewe. Wewe huwezi kujificha nyuma ya mtu asiyejua, ilhali ndiye uliyemfanya asijue.

Na katika mapokezi ya Abu Daud ya hadithi hii kuna jambo linalogusa moyo. Waliokuja kwa Mtume walikuwa watu wawili wakigombea mirathi, hakuna mwenye ushahidi. Waliposikia maneno yale ya kipande cha moto, wote wawili walilia, kila mmoja akasema haki yangu namwachia mwenzangu. Mtume akawaelekeza wagawane, watafute haki kadiri ya uwezo wao, wapige kura, kisha kila mmoja amhalalishie mwenzake. Waliingia wakivutana, wakatoka kila mmoja anaogopa kuchukua zaidi.

*Tushuke duarani*

Nyie mlioko machimboni, haya mnayajua kuliko sisi wa mjini.

Chukua maduara mawili yaliyopakana. Juu ya ardhi mpaka unaonekana, kuna kigingi, kuna kamba. Chini huko mwamba wenye dhahabu haujui kigingi. Unaufuata, unakata kidogo kidogo, na siku moja unasikia nyundo ya jirani upande wa pili wa ukuta. Ugomvi unazuka. Viongozi wa eneo wanakuja, wanapima juu, wanasikiliza mashahidi, kisha wanasema: fulani ana haki.

Wale waliohukumu walisimama juu, kwenye jua. Wewe ndiye uliyekuwa chini na tochi kichwani. Unajua siku ile ulipovuka. Unajua viroba vingapi vya mawe vilitoka upande usio wako kabla watu hawajashtuka. Karasha halikuuliza mawe yametoka wapi, lilisaga tu. Aliyekununulia dhahabu hakuuliza, alipima tu na kukupa hela. Wote hao ni marefa ambao hawakuona. Umeshinda kesi, na watu wakakupongeza, na huenda ukachinja mbuzi wa shukrani.

Ndugu yangu, kama ndivyo ilivyokuwa, hadithi ya Ummu Salama imekuja kwa ajili yako kabla haijaja kwa ajili ya mshika kibendera.

Vivyo hivyo kwenye mgao. Mwenye leseni, mwenye duara, aliyetoa pampu na chakula, na wale vijana walioshuka chini. Mwenye daftari akikosea akakuandikia zaidi, ukanyamaza, umebebwa. Akikosea akakuandikia pungufu utakesha mlangoni kwake. Huu ndio ugonjwa uliotajwa mwanzoni mwa Suratul Mutaffifin: watu ambao wakipimiwa wanataka kijae, na wakiwapimia wenzao wanapunguza. Tumezoea kudhani aya hizo ni za muuza mchele na mnunuzi wa dhahabu peke yao. Serikali ilianzisha masoko ya dhahabu mwaka 2019, la Geita likiwa la mwanzo, na moja ya faida zake ni kwamba mchimbaji mdogo anapata mahali pa wazi pa kupimiwa mali yake. Jambo jema. Lakini soko linakagua mizani ya mezani. Mizani ya kifuani haina mkaguzi wa serikali. Shabiki anayepima kosa la refa kwa mizani moja likimuumiza, na kwa mizani nyingine likimfaa, hata kama hajawahi kugusa gramu ya dhahabu, tabia hiyo inamhusu.

*Jibu la pili: na mshabiki je?*

Kijana mmoja barazani aliuliza vizuri. "Ustadh, mzee alishika kibendera. Sisi tuko kibanda umiza na soda mkononi. Tukisema lilikuwa goli au halikuwa goli, matokeo hayabadiliki. Dhambi iko wapi?"

Tuweke daraja, maana dini yetu haimbebeshi mtu asichokifanya.

1. Hukuona vizuri, au umeona kwa namna yako na unaamini hivyo kweli. Huna neno. Macho ya watu yanatofautiana, hata VAR wanabishana.

2. Umeona kwamba mlibebwa, umenyamaza. Hulazimiki kuzunguka mtaani ukitangaza. Lakini usijenge furaha yako ya wiki nzima juu yake, na ukiulizwa, usikwepe.

3. Umeona kwamba mlibebwa, na unakana kwa kelele, unaapa "Wallahi lilikuwa goli." Huu ni uongo, na kiapo juu yake ni balaa zaidi. Na wewe umefunga! Bukhari amepokea kwamba Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, alieleza kuwa asiyeacha kusema uongo na kuutenda, Allah hana haja na huko kuacha kwake chakula na kinywaji. Utashinda na kiu bure kwa ajili ya mpira wa kona.

4. Umeshika kibendera, firimbi, au umeitwa kuwa shahidi, kisha ukasema usichokiona. Hiyo ni shahada ya uongo. Katika hadithi ya madhambi makubwa, Mtume alikuwa ameegemea, alipofika kwenye shahada ya uongo akakaa sawasawa, akairudia na kuirudia mpaka masahaba wakatamani anyamaze kwa jinsi walivyomwonea huruma.

Na kuna upande wa pili msiousahau. Kumwita refa mwizi au mla rushwa bila ushahidi, kwa sababu tu amekunyima, nako ni kumvunjia mtu heshima. Suratul Hujurat imetukataza kufuata dhana nyingi. Refa yule ana mke, ana watoto wanaosoma shule, wanasikia. Sema "amekosea," inatosha.

Kinachonisikitisha zaidi kwa mshabiki ni hiki. Mchimbaji anayedhulumu gramu, angalau amepata gramu, ingawa ni moto. Shabiki anauza ulimi wake na saumu yake, na jioni hajaingiza hata shilingi mia. Timu haimjui jina.

*Kumtetea wa kwetu*

Wakati wa Mtume, hapo Madina, kulitokea wizi nyumbani kwa mtu. Wafasiri wanasimulia kwamba mhusika alitoka katika ukoo wa Banu Ubayriq. Ndugu zake wakaja kumtetea, wakasukuma lawama kwa mtu mwingine asiyehusika, na katika masimulizi mengi mtu huyo alikuwa Myahudi. Ukoo ulijua, lakini alikuwa wa kwao. Walizungumza vizuri mpaka kesi ikakaribia kuelemea upande wao.

Hapo zikateremka aya za Suratun Nisaa, kuanzia aya ya 105. Mtume akaagizwa asiwe mtetezi wa wahaini, asiye na kosa akasafishwa, na wale watetezi wakaulizwa swali zito: haya, hapa duniani mmebishana kwa niaba yao, siku ya Kiyama nani atabishana na Allah kwa niaba yao?

Fikirini. Qur'ani imeshuka kumsafisha mtu ambaye siyo wa dini yao, dhidi ya watu wanaojiita Waislamu. Wa kwetu alikuwa na kosa, wa wenzetu hakuwa nalo, na haki ikaenda kwa mwenyewe. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 135, waumini wameamrishwa wasimamie uadilifu na watoe ushahidi kwa ajili ya Allah hata kama ni dhidi ya nafsi zao, au wazazi na jamaa wa karibu. Kama wazazi hawana upendeleo katika ushahidi, sembuse jezi?

Tena Mtume hakutukataza kumsaidia wa kwetu. Katika hadithi ya Anas iliyopokewa na Bukhari, ametuagiza tumsaidie ndugu yetu akiwa anadhulumu au anadhulumiwa. Masahaba wakashangaa: anayedhulumiwa sawa, anayedhulumu tunamsaidia vipi? Akawafahamisha kwamba kumsaidia ni kumzuia asidhulumu. Sasa, mpenzi wa kweli wa timu ni yule anayesema, "Jamani, jana tulishinda, lakini ile penalti tulibebwa, tukaze buti." Huyo ndiye anayeisaidia.

*Yaliyotokea kwetu na kwa wengine*

Kanda yetu ina somo lake. Mwaka 2016, Ligi Daraja la Kwanza, mechi za mwisho za Kundi C zilitoa mabao mengi kupita kawaida. TFF ikachunguza, na timu 4 zikaadhibiwa kwa upangaji wa matokeo, mojawapo ikiwa Geita Gold. Nafasi ya kupanda Ligi Kuu ikaenda kwa Mbao FC ya Mwanza. Iliuma, watu wa Geita mnajua. Lakini tazameni kilichofuata. Mwaka 2021 Geita Gold ikapanda kwa jasho lake, na msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, 2021/22, ikamaliza nafasi ya 4. George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Hata baada ya timu kushuka tena mwaka 2024, yale mabao 17 hakuna anayeweza kuyanyang'anya wala kuyaonea haya. Kilichopatikana kwa haki hukaa. Cha kubebwa unakitaja huku ukiangalia pembeni.

Na wale wasiokuwa wa dini yetu wametupa mifano miwili, tuichukue. Tarehe 22 Juni 1986 huko Mexico, Diego Maradona aliifungia Argentina goli kwa mkono dhidi ya Uingereza. Refa alikuwa Mwafrika mwenzetu, Ali Bennaceur wa Tunisia. Hakuuona mkono. Goli likasimama, Argentina ikasonga, ikatwaa Kombe la Dunia. Aliyetumia mkono alisifiwa ujanja, na asiyeuona akabaki akijieleza miaka na miaka. Ndivyo tunavyowatwika marefa mizigo yetu.

Lakini Septemba 2012, huko Italia, Miroslav Klose wa Lazio alifunga dhidi ya Napoli, na mpira ulimgonga mkononi. Refa akakubali goli. Klose mwenyewe akamwambia ukweli, goli likafutwa. Lazio wakafungwa 3-0 siku ile. Sitawadanganya kwamba ukisema kweli utashinda mechi. Unaweza kufungwa tatu. Ila hakuna Mnapoli anayemdai Klose chochote mpaka leo.

Sisi tunaoamini kwamba siku moja midomo itafungwa, na mikono na miguu itasema, kama ilivyo katika Suratu Yasin, tunapaswa kuwatangulia watu kama hao. Mkono uliogusa mpira utajisemea wenyewe. Na mkono ulionyanyua kibendera pia.

*Narudi kwako, mzee wangu*

Jana baada ya tarawehe nilikaa na mzee pembeni ya mimbari. Nilikuwa nimeshawauliza masheikh wawili wenye elimu kuliko mimi. Nikamwambia hivi.

Dhambi iliyo baina yako na Allah, toba yake ni kujuta, kuacha na kuazimia usirudie. Dhambi yenye haki ya mtu ndani yake inaongezeka sharti: kuirudisha haki au kuomba uhalalishiwe. Wachezaji wenzako waliokula bila kujua hawana lawama ya uongo wako. Aliyejua ni wewe, na ndiye uliyesababisha. Kapteni yule kama yuko hai, mwendee. Mweleze ukweli bila kuupamba. Mwambie uko tayari kulipa mbuzi, na wenzake wapate. Akisamehe, ni sadaka yake. Akitaka mbuzi, mpe. Kama angekuwa amefariki, tungetafuta njia kwa warithi wake na wachezaji wenzake waliobaki.

Mzee akainama muda mrefu. Akasema, "Yuko hai. Tunaswali naye hapa hapa. Miaka yote hii ananiita mshika kibendera. Mimi nadhani anatania, sijui kama anatania."

Nikakosa la kusema. Nikamshika mkono tu.

Leo asubuhi baada ya daku simu yangu ikaita. Ni mzee. Salamu, kisha: "Ustadh, mnadani siku hizi mbuzi dume anaenda shilingi ngapi?"

*Zoezi la leo*

Kabla ya kufuturu, kaa peke yako dakika tano, simu weka pembeni.

– Kumbuka jambo moja ambalo *ulibebwa*. Kesi, mpaka wa shamba, mgao, chenji iliyozidi, cheo, sifa ya kazi ya mtu mwingine. Ulikodhulumiwa usikutafute, kule unakukumbuka bila kutafuta.

– Jiulize: mwenye haki yuko hai? Namba yake ninayo? Ukimpata, usisubiri Idd.

– Na leo kwenye kijiwe chako, ubishi ukianza, sema sentensi moja ya kweli dhidi ya timu yako. Moja tu. Utaona ulimi unavyokuwa mzito. Uzito huo ndio kipimo cha darsa hili.

Ewe Allah, tuonyeshe haki kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata, hata ikiwa upande wa wenzetu. Tuonyeshe batili kuwa ni batili na uturuzuku kuiepuka, hata ikiwa imevaa jezi yetu. Wahifadhi ndugu zetu walioko chini ya ardhi wakitafuta riziki, uwatoe salama, na uwape cha halali. Watie nguvu wenye kuwaendea waliowakosea, na walainishe nyoyo wanaoendewa. Aamiin.

Kesho in shaa Allah tutaendelea na haki ya jirani. Mkifuturu, mtukumbuke kwenye dua.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.